Thumuni ya Bi Zuhura

Mwezi uliopita tulimzika Maimuna, binamu yangu. Jioni ya hitima nilikaa kwenye veranda ya ghorofa wanayoishi wanawe huko Tudor, Mombasa, juu ya kiti cha kukodi, nikiwasikiliza vijana wa ukoo wakisimuliana habari za babake marehemu. Mmoja wao, kijana mwenye kisomo na kazi nzuri, alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba Mbwana bin Kombo alitekwa na Wajapani katika vita vikuu vya pili, akaachiliwa, akaoa Rangoon, akatajirika, na kwamba siku moja alirudi Mji wa Kale amejifunga kilemba cha kigeni, akapita mbele ya nyumba yake, akamwona mkewe dirishani, kisha akaenda zake asionekane tena. Ilikuwa hadithi nzuri, na wasikilizaji walitikisa vichwa kwa huzuni iliyowapendeza. Nikamuuliza ameipata kwa nani. Akajibu kwa adabu, "Yasemwa, babu." Nimeishi zaidi ya miaka themanini na huyo Yasemwa sijapata kukutana naye, wala kuonyeshwa nyumba anayokaa. Nilimwambia hivyo, vijana wakacheka, nami nikaona wamecheka kwa kustahi mvi zangu tu, na kwamba nikiinuka wataendelea pale walipoachia. Kati ya watu waliokuwamo katika nyumba ya Mbwana mwaka niliokaa humo, aliye hai sasa ni mimi peke yangu. Kwa hiyo naandika. Nitakayoyaandika ama niliyaona, ama niliambiwa na aliyeyaona. Na pale ambapo sikuwapo nitasema kwamba sikuwapo.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, nangoja nafasi katika chuo cha ualimu, nikapewa mahali pa kulala kwa mama yangu mdogo, Bi Zuhura, mkewe Mbwana, katika nyumba ya mawe iliyokuwa kwenye kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Chini palikuwa na duka la Bwana Akberali, Mbohora aliyeuza misumari, rangi na kamba, na harufu ya mafuta ya taa ilipanda ngazi pamoja nasi. Juu palikuwa na ukumbi, jiko, chumba cha Bi Zuhura na bintiye Maimuna, chumba cha Bi Mwanakheri aliyekuwa mamake Mbwana, na nyuma kabisa chumba kikubwa kuliko vyote, ambacho kilifungwa kwa sababu ukuta wake wa nje ulikuwa umetoa tumbo na kupasuka ufa uliopitisha mkono. Mimi nililala ukumbini, na pazia lililonitenga na jiko lilikuwa blanketi la kijivu la jeshi. Katika nyumba nyingi za kichochoro kile ungeyakuta mablanketi hayo, kama ulivyoyakuta makopo ya nyama ya askari yamepandwa mrehani, na wachukuzi wa sokoni wamevaa makoti mazito ya vitani katika joto la Machi. Bi Mwanakheri alikuwa bado anaficha sukari na mchele chini ya kitanda chake, kama alivyozoea miaka ya chakula cha mgao. Sukari ile iliganda ikawa jiwe, na Maimuna aliivunja kwa mchi kila tulipotaka chai. Majirani wetu wengi walikuwa wanawake walioendesha nyumba kwa kushona kofia na kukaanga viazi, kwa kuwa waume zao ama hawakurudi, ama walirudi wasiofaa tena kwa kazi. Shuleni nilikuwa nimefundishwa vita vile vilianza kwa sababu gani na vikamalizwa kwa mkataba upi, nami niliyajibu hayo katika mtihani na kupata alama za juu. Hakuna mwalimu aliyenieleza kwamba ningekuja kuvila na mbaazi na mahamri asubuhi, miaka ishirini baada ya mkataba kutiwa saini.

Mbwana alikuwa dereva. Alikwenda vitani Maimuna akiwa bado tumboni, akapelekwa Burma, ambako wazee wetu walikuita Bama, na tangu hapo serikali haikuleta neno lolote, la kheri wala la shari. Nyumba ilikuwa kwa jina lake. Matokeo ya jambo hilo niliyaelewa polepole, kwa kusikiliza nyuma ya blanketi. Bi Zuhura hakuwa mjane, kwa hiyo hakuweza kurithi. Wala hakuwa mke mwenye mume, kwa hiyo hapakuwa na wa kutia saini. Nyumba haikuweza kuuzwa, kugawanywa, kuwekwa rehani wala kujengwa upya, maana kila aliyeombwa fedha au kazi aliuliza kwanza mwenyewe yuko wapi, naye akajibiwa kwamba mwenyewe yuko safarini. Mdogo wake Mbwana, Ami Athumani, mtu mpole mwenye sauti ndogo, ndiye aliyeshika amana ya nyumba mpaka nduguye arudi. Mwaka ule nilipohamia, baraza la mji lilituma mtu akautazama ukuta wa nyuma, akasema mwenye nyumba aujenge kabla ya mvua za mwaka unaofuata, la sivyo upande wote wa nyuma ungebomolewa, jiko likiwamo. Bwana Akberali, ambaye bohari yake ilikuwa chini ya ukuta huo, alipanda ngazi akitweta na kusimama mlangoni bila kuingia, kama ilivyokuwa adabu yake. "Bi Zuhura," alisema, "ukuta wako wataka kuua mimi. Mimi sikwenda Bama. Mimi ni mtu ya misumari tu." Bi Zuhura akamwambia atazungumza na Ami Athumani. Ami Athumani akaja, akanywa kahawa, akasema tuvute subira, kwani Mbwana akirudi akute nyumba imechezewa atasema nini.

Na kwamba Mbwana yu hai, nyumba nzima ilikuwa na habari zake. Habari hizo zililetwa na wageni. Kila mtu aliyeshuka kutoka pande za Bara Hindi au mbali zaidi, awe baharia, mpishi wa meli au mfanyabiashara, alialikwa Ijumaa baada ya sala, akatandikiwa busati ukumbini, akaletewa pilau ya mbuzi, sambusa, kachumbari na maji ya ndimu, vitu ambavyo sisi wenyewe hatukuvionja siku nyingine za wiki. Alipokwisha kunawa, Bi Mwanakheri, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia sana, aliletwa karibu na kuketishwa juu ya kiti chake kifupi, akauliza. Na mgeni daima alikuwa na neno. Mmoja alimsikia Mbwana akitajwa Kalkuta. Mwingine aliambiwa ana duka la chai. Mwingine alikuwa karibu kuonana naye, ila meli iling'oa nanga mapema. Maimuna, aliyeufahamu uso wa baba yake kwa picha moja iliyopauka, alikuwa akiosha masufuria na kunitupia maneno kwa sauti ya chini. "Mwaka jana babangu alikuwa na duka moja," aliniambia Ijumaa moja. "Sasa yamekuwa mawili. Pilau yetu yamfaa kweli. Tukizidisha nyama ataimiliki Bama nzima." Nilicheka, na Bi Zuhura, aliyekuwa mbele ya moto, hakucheka wala hakumkemea.

Kesho yake asubuhi aliniita jikoni. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na aliendelea kukuna muda wote aliponena, hata ikabidi nisogee karibu nimsikie. Aliniuliza kama huko shule nilikosoma walitufundisha kujua neno la kweli na neno la uongo. Nikasema walijaribu. Akasema yeye alikuwa mwanamke wa ndani, hawezi kuingia mitaani kuuliza wanaume walichokiona na wasichokiona. Shemejiye hataki kuuliza, na mkwewe ameshajibiwa. Kisha akasimamisha mkono.

"Mimi nataka kukaa eda, mwanangu. Kama mume wangu ni hai, nijue nimeachwa. Kama amekufa, nipate kumlilia kama wanawake wenzangu. Haya ya kati na kati yamenitosha. Nenda kwa kila aliyekula pilau yangu, umuulize neno moja tu: ulimuona kwa mato yako?"

Nilikubali kwa kiburi cha ujana, nikidhani kazi itakuwa fupi. Ilikula miezi. Nilianza na mgeni wa mwisho, baharia aliyekaa Kuze, ambaye ndiye aliyeongeza duka la pili. Nilimkuta anacheza bao, nikamuuliza neno lile moja. Kwanza alikasirika, kisha akaona sitoki, akasema hapana, yeye aliambiwa na mpishi mmoja wa meli. Mpishi huyo alikuwa ameacha bahari na kufungua kibanda cha chai karibu na Feri, nami nilikwenda kwake siku nyingi mfululizo kabla hajawa na nafasi ya kunisikiliza, kwa wingi wa watu waliovuka. Alikuwa mtu mkweli. Alisema duka la chai hakuliona. Alielezwa na Bi Mwanakheri mwenyewe, ukumbini mwetu, kwamba mwanawe ana duka, na alipoulizwa kama amelipita akasema huenda amelipita. "Ningemwambia nini mama wa watu," aliniuliza, "na mkono wangu umo katika sahani yake?" Niliwafuata wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila nilipofika nilikuta jambo hilohilo: mgeni wa sasa alikuwa ameambiwa habari ya mgeni aliyepita, naye kwa kuona haya kuondoka bila kutoa shukrani, aliirudisha imenenepa kidogo. Hawakuwa waongo, na hili nalisisitiza kwa kuwa nimewasikia watu wakiwaita hivyo. Walikuwa watu wenye adabu. Habari za Mbwana zilitoka jikoni mwetu na kurudi kwa mlango wa mbele, na sisi tuliokuwa katikati tukidhani zimetoka Bama.

Lakini lazima alikuwapo mgeni wa kwanza, ambaye hakuwa na wa kumtangulia. Nilimuuliza Bi Zuhura. Akasema wa kwanza alikuwa askari, Mgiriama, aliyekuja mara tu vita vilipokwisha, bado amevaa kaki, na kwamba alikula haraka na kuondoka bila kungoja kahawa. Jina lake hakulishika. Wazee waliopigana walikuwa na mahali pao pa kahawa upande wa Mwembe Tayari, nikawa nakwenda huko kila alasiri kukaa pembeni na kusikiliza. Walipokwisha kunizoea nikawauliza nani aliwahi kumjua dereva wa Mji wa Kale aliyeitwa Mbwana. Jina hilo hawakulijua. Nikaeleza sura yake kama Bi Zuhura alivyonisimulia, na kwamba alikuwa na kidole gumba kilichovunjika kikaunga vibaya. Mzee mmoja akasema huyo bila shaka ni fulani, akataja jina nisilolijua, na kwamba utingo wake katika lori alikuwa Bakari Charo, ambaye sasa ni msimamizi wa zamu bandarini na anakaa Buxton.

Nyumba za Buxton zilikuwa bado mpya siku hizo, na Bakari Charo alikuwa mtu aliyeheshimika huko. Alinipokea katika sebule yenye viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, mkewe akatuletea wali wa nazi na mchuzi wa papa, na kwa muda wote wa kula hakuniuliza nilichokuja kutafuta. Alikuwa mrefu, amenyoa kichwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamrisha. Nilipotaja kichochoro chetu aliweka tonge chini. Akauliza kama yule mama ni hai. Nikasema ni hai. Akamwita mkewe aondoe sahani, akafunga mlango, akasimama akiuegemea kana kwamba nitatoroka.

Aliyonieleza nayaandika kwa ufupi. Mbwana alijiandikisha jeshini kwa jina la utani la babu yake, kwa sababu nyumbani walimkataza kwenda, kwa hiyo alipokufa serikali haikujua mlango wa kubisha. Alikufa kwa homa, katika mvua, njia ikiwa matope matupu na malori yamekwama. Bakari alimwosha, yeye na mwenzao mmoja wa Likoni, wakamswalia, wakamzika kando ya njia. Walipokuwa wakimshusha aliapa atakwenda mwenyewe kumwambia mamake. Na alikwenda. Alipanda ngazi zetu bado hajafika hata kwao Kaloleni.

"Akaniuliza, habari za utokako," alisema Bakari. "Nami nikajibu nini? Nikajibu njema. Wewe ungejibu nini?"

Ningejibu hivyohivyo. Kwetu jibu la kwanza la salamu ni jema, hata kama jeneza liko mlangoni. Ubaya hufuata baadaye, kwa utaratibu, mtu akishaketi na kupumzika. Lakini Bi Mwanakheri alikuwa amengoja miaka, na njema ile hakuingoja ifikie mwisho wake. Alipiga vigelegele. Majirani wakaingia, mtoto wa jirani akatumwa kununua nyama, mke kijana akatokea na mtoto mgongoni akilia kwa furaha, na Bakari akakuta ametandikiwa busati. Kila alipofungua mdomo waliujaza chakula. "Nikasema moyoni, nitarudi kesho niseme," alinieleza. "Kesho nikaona haya. Keshokutwa nikasikia mjini kwamba Mbwana yu hai, na aliyeleta habari ni mimi." Kisha akanitazama kwa ukali. "Sasa wewe umetumwa kunihukumu?"

Nikamwambia nimetumwa na mkewe Mbwana, ambaye anataka shahidi aende naye kwa Kadhi. Alitoka mlangoni akaketi. Halafu akasema kwa Kadhi atakwenda, na mwenzake wa Likoni atamleta, lakini si kabla ya kwenda kwa yule mama. "Yeye kwanza," alisema. "Kadhi sikumdanganya."

Alikuja Jumapili baada ya Alasiri, amevaa kanzu na kofia. Bi Zuhura alikuwa nyuma ya mlango wa chumba chake, umeachwa wazi kidogo. Ami Athumani nilimwita mwenyewe, kwa kuwa sikutaka baadaye aambiwe na watu. Maimuna alisimama na sinia ya kahawa asijue pa kuiweka. Bi Mwanakheri alikuwa ameketi kitandani mwake, na nilimwambia tu kwamba amekuja mgeni aliyekuwa Bama. Uso wake ukachangamka. Alinyosha mkono hewani, Bakari akaushika, akapiga magoti sakafuni.

"Karibu, mwanangu. Habari za utokako?"

Bakari aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili.

"Si njema, mama," alisema Bakari Charo. "Wala siku ile hazikuwa njema."

Bi Mwanakheri hakuuvuta mkono wake. Nilitazamia atapiga ukelele. Ami Athumani alikuwa tayari amejishika kichwa. Badala yake alianza kuuliza, kwa sauti ya mtu anayekagua kazi iliyofanywa na wengine. Aliuliza nani alimwosha, na kwa maji gani. Bakari akasema yeye, kwa maji ya mvua. Aliuliza alivikwa nini. Bakari akasema bafta ya sanda haikupatikana, walimvika blanketi la jeshi, jipya, lililokuwa halijatumiwa na mtu. Aliuliza nani alisalisha. Kisha akauliza swali la mwisho.

"Mlimlaza akaelekea wapi?"

"Machweo, mama. Kule kibla ni machweo."

Hapo ndipo alipomwachia mkono na kujifunika uso kwa leso yake. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini. Tunazikwa tumeelekea kaskazini, na mtu ambaye hajatoka kisiwani hawezi kufikiri upande mwingine. Wageni wote waliokula ukumbini mwetu hawakuwahi kutuletea jambo ambalo lingeweza kupimwa. Kesho yake nilikwenda kufungua ramani ya dunia, nikaweka rula kutoka Burma hadi Makka, na nikaona kwamba Bakari amesema kweli. Watu wangu walinicheka kwa kumpima mtu aliyekwisha piga magoti mbele yetu. Bi Zuhura hakunicheka. Aliniuliza rula imeonyesha nini, nikamwambia, akasema vyema.

Ami Athumani hakuwa mtu mbaya, na nimesikia akisingiziwa kwamba aliitaka nyumba. Alimtaka ndugu yake. Usiku na mchana kwa miaka ishirini alikuwa mdogo wa mtu, na sasa alikuwa anaambiwa awe mkubwa wa ukoo. Siku mbili kabla ya kwenda kwa Kadhi alikuja, akaketi ukumbini huku Bi Zuhura yuko upande wa pili wa blanketi langu, akamwonya kwa sauti yake ndogo. Nilikuwapo na nilisikia. Alisema, "Zuhura, nduguyo nakwambia kwa mapenzi. Leo, maadamu Mbwana ni msafiri, nyumba hii yote wewe ndiwe bibi yake, hakuna wa kukutoa. Ukithibitisha kifo, sharia itaigawa. Wewe fungu lako ni thumuni. Sehemu moja katika nane. Wautafutia nini umaskini?"

"Najua thumuni ni nini," alisema Bi Zuhura nyuma ya blanketi. "Lakini itakuwa yangu. Hii nzima si yangu, Athumani, nimeazimwa na maneno ya watu. Na ukuta wake waanguka."

Nimeishi kuwafundisha vijana historia kwa miaka mingi, nimesoma vitabu vingi juu ya vita vile, vilivyoandikwa na majenerali na vilivyoandikwa na maprofesa, na bado sijaona ndani yao jambo lililonipa uzito kama maneno yale. Mwanamke alikuwa na nyumba nzima ya uvumi na akaibadilisha kwa sehemu ya nane ya kweli, akijua hesabu yake vizuri kuliko sisi wanaume tuliomshauri. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba ukweli haumfaidi kitu mtu maskini, humuuliza yeye ameujaribu lini.

Kwa Kadhi tulikwenda asubuhi, Bi Zuhura amevaa buibui, Maimuna pembeni yake, Bakari na mwenzake wa Likoni nyuma. Mashahidi walihojiwa mmoja mmoja, wala maneno yao hayakupishana. Ami Athumani alipoulizwa kama ana pingamizi alitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Kadhi, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, akatamka kwamba Mbwana bin Kombo amefariki tangu wakati ule uliotajwa na mashahidi. Ndipo Bi Zuhura akauliza, kwa sauti iliyosikika vizuri, aanze eda lini, leo au kesho. Alikuwa amekwisha kuandaa nguo za eda. Niliziona zimekunjwa juu ya sanduku lake.

Kadhi alimweleza kwamba eda ya mjane huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Miezi yake minne na siku zake kumi zilikuwa zimekwisha pita, bila yeye kujua, mtoto wake akiwa bado ananyonya.

"Kwa hivyo sina hata siku moja ya kumkalia?" aliuliza.

"Huna, bibi. Mwombee dua."

Maimuna alimshika mkono. Mimi, niliyekuwa nimezunguka mji mzima nikimtafutia mamangu mdogo haki hiyo moja, nilihisi kwamba nimempelekea mlangoni kitu kilichokwisha chukuliwa. Niliingiwa na hasira, na nilitaka kusema na Kadhi, ingawa nilijua kwamba amesema sawa. Bi Zuhura alijifunga vizuri buibui lake. Kisha akasema, "Basi tuendelee na mirathi."

Mafungu yalitolewa kama sharia isemavyo: Maimuna nusu, Bi Mwanakheri sudusi, yaani sehemu moja katika sita, Bi Zuhura thumuni, na baki kwa Ami Athumani. Wazee wawili waliojua thamani za nyumba walikuja kutazama vyumba, wakakisia, wakabishana, wakanywa kahawa. Ilipofika zamu ya Bi Zuhura, walimpendekezea kipande cha ukumbi, panatosha kitanda na cherehani. Akasema hapana, nipeni chumba cha nyuma. Wakamkumbusha kwamba chumba hicho hakikaliwi na mtu. Akajibu kwamba ndiyo maana thamani yake ni ndogo, na hivyo kitatosha katika thumuni yake, kizima, na mlango wake mwenyewe. Wazee wakatazamana. Wakakubali, wakaandika. Bwana Akberali, aliposikia kwamba ukuta sasa una mwenyewe anayeweza kuzungumzwa naye, alipanda ngazi, akasimama mlangoni pake pale, akasema chokaa na misumari vitatoka dukani kwake, maana yeye ndiye aliyekuwa chini ya ukuta.

Fundi alipatikana kabla ya mvua, Mkamba mmoja hodari, mgeni wa mtaa wetu. Nilikuwapo asubuhi aliyoanza, kwa kuwa ndiyo wiki niliyoitwa chuoni na nilikuwa nafunga vitu vyangu. Alikuwa ameubomoa ukuta ule wenye tumbo, na kwa mara ya kwanza chumba kilijaa mwanga na upepo, na tuliona hadi mabati ya majirani. Bi Zuhura alikuwa amekwisha kuhamishia kitanda chake humo, amekifunika turubai kuzuia vumbi la chokaa. Fundi akapangusa mikono, akatazama huku na huku, akaniuliza mimi, mwanamume pekee aliyekuwapo, kama mwenye nyumba yuko karibu, kwani anataka kujua dirisha liwe wapi na liwe la ukubwa gani.

Kabla sijajibu, Bi Zuhura alipita mbele yangu.

"Mume wangu amekufa," alimwambia fundi. "Niulize mimi." Na akaenda mpaka ukingoni, akanyosha mikono yote miwili kumwonyesha upana anaoutaka.